Meza ya Bibi Maabara: Kwinini haikuibwa, ilizimwa na chumvi

Toleo lililopita niliutaja mkwinini, ule mti ambao gome lake hutoa kwinini ya kutibu malaria, kwa mistari miwili tu, nikadhani nimepita. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua za mwezi huu ni magome matupu: nani kapewa asilimia ngapi ya alkaloidi (kemikali za mmea zenye nitrojeni, kwinini ikiwemo), nani kapunjwa, nani kachemsha akanywa. Nimechagua tano. Moja nimeijibu kwa urefu kwa sababu inanigusa mwenyewe, na deni lake sijalilipa mpaka leo.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mkulima huku Amani, wilaya ya Muheza. Shambani kwetu kuna mikwinini mikubwa aliyoiacha babu. Nilipeleka magome ya mti uleule kwenye maabara mbili. Ya kwanza imeandika alkaloidi zote asilimia 7.5, ya pili 8.5. Mnunuzi ameng'ang'ania ile ya 7.5. Nani ananidanganya?*
Mkulima, Muheza

Marahaba mwanangu. Huenda hakuna anayekudanganya, ila yupo anayetaka kunufaika na ukimya wa karatasi.

Amani ni mahali pake hasa pa swali hili. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902, wakaotesha mikwinini miongoni mwa mamia ya miti ya kigeni, na Vita vya Kwanza vilipowafungia bahari walitengeneza kwinini yao palepale. Kwa hiyo babu yako hakuokota mbegu njiani.

Sasa hesabu. Kwa njia ya zamani, ile niliyokulia nayo, unapima gramu 2 za unga wa magome, unazitoa alkaloidi zote, unazisafisha, kisha unatafuta ni asidi kiasi gani inahitajika kuzimaliza nguvu. Kila mililita 1 ya asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M (hicho ni kipimo cha ukolezi wake) inahesabiwa sawa na miligramu 30.94 za alkaloidi. Vijana hukariri namba hiyo bila kujua ilikotoka. Ni wastani tu. Molekuli ya kwinini ina uzito wa 324.4, ya sinkonini 294.4, jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 309.4; na kwa asidi ya ukolezi huo, kila mililita inachukua sehemu ya kumi ya namba hiyo kwa miligramu, yaani 30.94. Gome lina zote mbili na ndugu zao, basi wazee wakakata shauri katikati.

Tuseme asidi iliyotumika ni mililita 4.85. Hizo ni miligramu 150 za alkaloidi ndani ya gramu 2, yaani asilimia 7.5. Lakini gome lililokaushwa kwa upepo bado linaweza kubeba maji, tuseme asilimia 12. Ndani ya zile gramu 2, gome lenyewe ni gramu 1.76 tu. Gawanya miligramu 150 kwa hizo, unapata 8.5. Alkaloidi ni zilezile, gome ni lilelile. Mmoja amehesabu na maji, mwingine ameyatoa. Sijaziona karatasi zako, nakisia tu, ila tofauti yako imekaa kwenye mkao huo kiasi kwamba ningeanza kuuliza hapo.

Wapigie simu wote wawili, waulize: asilimia hii ni ya gome kama lilivyoletwa, au ya gome kavu? Maabara inayojiheshimu inaweka sampuli ya pembeni kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usiposhuka tena, ndipo inajua maji ni kiasi gani. Nasema ya pembeni, kwa sababu ile ya kupimia alkaloidi huichomi.

Kisha mkabili mnunuzi. Mzigo ukipimwa kilo zake kama ulivyotoka shambani, asilimia ya haki ni 7.5. Akiukausha kwanza, halafu apime kilo, asilimia ya haki ni 8.5. Akikausha mzigo kisha akakulipa kwa 7.5, hapo ndipo mkono ulipo mfukoni mwako.

Na jambo jingine ambalo hukuuliza. "Alkaloidi zote" si kwinini. Kwenye gome la mkwinini kuna ndugu wanne wakubwa: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Famakopia ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, inataka gome liwe na alkaloidi zote zisizopungua asilimia 6.5, na kati ya hizo, kundi la kwinini (kwinini na kwinidini; wale wengine wawili ni kundi la sinkonini) liwe baina ya asilimia 30 na 60. Umeona upana huo? Watu wawili wenye 8.5 kila mmoja, mmoja anaweza kuwa na kwinini mara mbili ya mwenzake. Makundi hayo hutenganishwa kwa kupima mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 316 (urefu wa wimbi la mwanga) na tena kwenye 348: kundi la kwinini linanyonya sana pale 348, la sinkonini halinyonyi cha maana, basi kwa vipimo viwili unatoa majawabu mawili. Dai namba ya pili. Mnunuzi wa kwinini anayekulipa kwa namba ya kwanza peke yake anajua anachofanya.

Mwisho, hilo gome ulilichukua wapi mtini? La shina na la mzizi huwa na alkaloidi nyingi kuliko la matawi. Ukipeleka vipande vya tawi maabara ya kwanza na vya shina maabara ya pili, yote niliyoandika juu hayana kazi. Changanya magome yote, ponda, tandaza duara kwenye turubai, gawa robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na kifuko kimoja. Kisha gawa kifuko hicho kwa maabara zote mbili.

*Bibi Maabara, shikamoo. Nasoma famasia mwaka wa tatu hapa Dodoma. Kwenye zoezi la kupima kwinini kwa fluorimita, mashine ya kupima mng'ao, kundi letu limepata asilimia 1.6. Kundi la pili, kwa unga uleule, wamepata 3.9. Tofauti pekee ninayoikumbuka ni kwamba faneli yetu ya kutenganishia vimiminika iliganda kama maziwa, tukatia chumvi ya mezani ili tabaka zitengane. Mwalimu anasema tumemwaga sampuli. Bibi, hatukumwaga.*
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mjukuu wangu. Nakuamini, tena kabla sijamaliza kusoma barua yako nilikwishajua chumvi inakuja.

Miaka ya 80 mwanzoni nilikuwa binti mwenye koti jeupe linalonipwaya, kwenye maabara moja iliyokuwa ikipima magome kwa niaba ya wanunuzi. Siku hiyo alishuka mzee mmoja na lori kutoka milimani, magunia kumi na moja, kila gunia limeshonwa kwa mkono kwa kamba ya katani. Akakaa kwenye benchi la nje akisubiri majibu. Mimi ndiye niliyepewa sampuli yake.

Nilifanya kila kitu kama ulivyofanya wewe. Unga, amonia, klorofomu, kisha kuirudisha kwinini kwenye asidi ya salfuriki hafifu kwa kutikisa faneli. Na ikaganda. Magome yana tanini nyingi, ukitikisa kwa hasira unapata urojo wa rangi ya chai ya maziwa, na tabaka hazionekani tena. Mkubwa wangu alikuwa anaangalia saa. Nikakumbuka nilivyofundishwa: chumvi hutenganisha. Nikatia vijiko viwili. Zikatengana vizuri mno, nikajipongeza.

Mashine ikasoma chini ya nusu ya tulivyotarajia kwa magome ya milima ile. Mkubwa akasema mzee amechanganya magome ya miti mingine. Nikatumwa mimi kumwambia. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Binti, mashine hiyo inakula magome gani?" Sikuelewa anauliza nini. Akapakia magunia yake kwenye lori la kurudi, nauli juu yake.

Usiku sikulala vizuri, si kwa sababu ya huruma, nisijisifu, bali kwa sababu sampuli ile ilikuwa chungu. Tulikuwa na tabia mbaya ya kulamba unga kidogo kwenye ncha ya ulimi, na usiige, na ulimi wangu ulikuwa umeniambia kitu kingine kabisa. Asubuhi nikachukua myeyusho wa mzee uliobaki, nikaongeza kwinini safi niliyoipima mwenyewe kwenye mizani. Kama mashine iko sawa, na myeyusho uko sawa, usomaji lazima upande kwa kiasi kilekile nilichoongeza. Ulipanda kwa chini ya nusu. Yaani kwinini niliyoitia kwa mkono wangu dakika tano zilizopita, nayo "haikuwepo". Nani alikuwa amechanganya magome hapo?

Sababu yake ndiyo hii. Kwinini ndani ya asidi ya salfuriki hafifu inapokea mwanga usioonekana wa karibu nanomita 350, na inaurudisha kama mwanga wa bluu wa karibu 450. Mwingereza John Herschel aliuandika mng'ao huo mwaka 1845, na alitumia jua la dirishani tu. Fluorimita inapima bluu hiyo. Lakini molekuli iliyopokea mwanga ni kama mtu aliyebeba sinia la chai mlangoni: anahitaji nafasi kidogo kabla hajalitua. Kloridi ni yule mtoto anayepita mbio akampiga kumbo. Chai inamwagika, sinia linafika tupu. Kwinini ipo yote, haikupungua hata chembe. Mwanga wake ndio haufiki. Na chumvi ya mezani ni nini? Kloridi ya sodiamu. Hata ulipozimua myeyusho mara mia, kloridi iliyobaki ilitosha kukuibia zaidi ya nusu ya mwanga.

Ukitaka kumwonyesha mwalimu wako bila kumkosea adabu, nunua chupa ya maji ya toniki, uhakikishe kibandikoni wameandika kwinini. Azima ile taa ya zambarau ambayo wakala wa pesa anakagulia noti bandia. Zima taa za chumba. Toniki itang'aa bluu kama kanzu ya sikukuu. Mimina kwenye glasi mbili, moja tia kijiko cha chumvi ukoroge. Mwache aangalie mwenyewe, wewe nyamaza.

Kwa zoezi la kurudia: faneli usiitikise kama anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Ilaze, igeuze polepole, na kila baada ya mageuzi mawili matatu fungua bomba mdomo wake ukiangalia juu na mbali na watu, maana mvuke wa klorofomu unajaa ndani na utakurushia kifuniko. Ikiganda, iache isimame; nenda kanywe chai. Bado imeganda, pitisha tabaka lile zito kwenye pamba. Ukilazimika kabisa kutia chumvi, tia salfeti ya sodiamu. Salfeti haina ugomvi na mwanga wa kwinini. Na vyombo vyako vya fluorimita visiguswe na asidi ya hidrokloriki siku hiyo, hata kuvisuuzia. (Ajabu ni kwamba kwa ile njia niliyomweleza mkulima wa Muheza, ya kupima mwanga *unaonyonywa*, asidi ya hidrokloriki haina kosa lolote, na ndiyo inayotumika. Kila mashine na adui yake.)

Na kila mara, kila mara mjukuu wangu, tenga sehemu ya sampuli uitie kwinini unayoijua kiasi chake. Ukiweka 10 ukarudishiwa karibu 10, andika majibu. Ukirudishiwa 4, usimwandikie mtu majibu yoyote. Inachukua nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo niliyokuwa sina siku ile, au niliyodhani sina.

Jambo dogo la kumalizia: kwinidini nayo inang'aa vilevile, kwa hiyo fluorimita haitenganishi ndugu hao wawili. Mwalimu akitaka kwinini peke yake, aombe zamu kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali moja moja.

Yule mzee sikumwona tena. Nilirudia sampuli yake bila chumvi, nikampelekea mkubwa karatasi mpya. Akaisoma, akaitia kwenye faili.

*Bibi, mimi nauza dawa za asili Kariakoo. Mchanganyiko wangu wa mwarobaini na shubiri ni mchungu kuliko kwinini yenyewe. Nimeupeleka kupimwa, wameniandikia "hakuna alkaloidi". Inawezekanaje na uchungu wote huo?*
Muuza dawa, Dar es Salaam

Inawezekana sana, ndugu yangu. Uchungu ni ladha, alkaloidi ni ukoo. Kinachochoma ulimi kwenye mwarobaini ni limonoidi, kwenye shubiri ni aloini, na hizo hazina ile nitrojeni inayozifanya alkaloidi ziitwe alkaloidi. Fundi alidondosha kitendanishi cha Dragendorff akingoja mashapo ya rangi ya chungwa, au cha Mayer akingoja weupe wa maziwa ya unga, hakuona. Amekuandikia alichokiona.

Ila na wewe usiende kuapa kwa majibu hayo kama msahafu. Kahawa, kwa mfano, imejaa kafeini, na kafeini ni alkaloidi, lakini kwa Mayer inanyamaza kimya. Ina tabia ya ubesi kidogo mno. Na miraa ikipimwa imekauka utaambiwa kathinoni imekwisha, kwa sababu inavunjika jani linapokauka; ndiyo maana Wameru wanaifunga kwenye majani ya mgomba na kuikimbiza sokoni usiku kwa usiku. Hawakusubiri maabara iwaambie. Kwa hiyo "hakuna" kwenye karatasi maana yake ni kwamba haikuonekana kwa kipimo hicho, siku hiyo, ikiwa katika hali hiyo.

Na kwenye kibandiko chako ondoa neno "kwinini asilia". Umeshajua haimo.

*Bibi, kuna mkwinini nyuma ya nyumba. Homa ikinishika nachemsha gome kiganja kimoja. Nipunguze au niongeze?*
Msomaji, Lushoto

Acha. Umesoma hapo juu kwamba shina na tawi la mti mmoja hazilingani. Basi kiganja chako cha leo si kiganja chako cha jana. Kwinini ina mpaka mwembamba baina ya dozi na sumu. Masikio yakianza kuvuma kama kuna nzi ndani, macho yakapata ukungu, ujue umeshaukaribia, na ikizidi inaugusa moyo. Halafu hujui kama homa yenyewe ni malaria. Nenda kituo cha afya wakutoboe kidole, kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya nusu saa. Ikiwa ni malaria utapewa dawa mseto yenye dozi inayojulikana. Kama una mimba au una mtoto anayekunywa chungu hicho pamoja nawe, usimalize hata kusoma ukurasa huu.

*Mama, jambo. Niko Bukavu. Sisi tunalima kinkina, ndiyo hiyo mnaita mkwinini. Niliona kwenye kiwanda wanachanganya unga wa magome na chokaa mbele ya kutoa dawa. Chokaa ya kujengea nyumba! Ni ya nini? Na kwenye maabara kidogo naweza kuitumia?*
Mkulima, Bukavu

Jambo sana, baba. Nimefurahi kupata barua kutoka Kivu, maana huko ndiko kinkina bado ni shamba la kweli na si kumbukumbu ya Wajerumani.

Ndani ya gome kwinini haikai peke yake. Imefungwa na asidi za gome, pamoja na tanini, na katika hali hiyo inapenda maji kuliko mafuta. Chokaa ni besi: inazichukua zile asidi, kwinini inabaki huru, na ikishakuwa huru inayakimbia maji na kuingia kwenye mafuta au kiyeyushi chochote cha jamii hiyo. Kisha unakitikisa kiyeyushi na asidi hafifu, kwinini inageuka chumvi, inarudi kwenye maji, na takataka za mafuta zinabaki nyuma. Besi tena, inahamia huku; asidi tena, inahamia kule. Kila safari inaacha uchafu njiani. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipoipata kwinini safi kwa mara ya kwanza mwaka 1820, Paris, nao walicheza na tabia hiyohiyo ya asidi na besi.

Maabara ndogo inaweza kutumia chokaa, ndiyo, ila iwe iliyozimwa, iliyochekechwa, na mbichi ya mwaka huu. Chokaa iliyokaa wazi inakula hewa ya ukaa na kugeuka kama chaki, haina nguvu tena. Loanisha unga na chokaa mpaka uwe kama udongo wa kufinyangia, uache usiku kucha. Watu wengi huharakisha hapo, wanamwaga kiyeyushi baada ya dakika kumi, kisha wanashangaa gome lao la miaka minane limekuwa maskini. Kwinini iliyobaki imefungwa ndani ya unga haipimwi na mashine yoyote. Toa mara ya pili, toa ya tatu, na tone la kiyeyushi cha mwisho likaushe kwenye kioo, liyeyushe kwa asidi ya salfuriki hafifu, liangalie chini ya taa ya noti. Bado linang'aa bluu? Rudia. Limekuwa jeusi kama usiku? Umemaliza kutoa, sasa anza kupima.

Na ukipata mtu anayekuja Tanga, mpe kipande cha gome aniletee. Taa ninayo, toniki ninayo ya kulinganishia, na chumvi nimeihamishia jikoni.